Injini ya Mvuke Mbele ya Kamera

Kichwa cha treni cha mvuke ni mashine ambayo kazi yake yote iko nje. Kwenye dizeli na umeme mambo yamefunikwa kwa bati, na mpita njia huona sanduku tu linalotembea. Kwenye mvuke fito za chuma hupanda na kushuka ubavuni, moto huonekana kupitia mlango wa tanuru, maji hudondoka, na kibandani watu wawili wanahangaika mikono ikiwa imejaa grisi. Ndiyo maana wapiga picha hawakuichoka mashine hii hata baada ya mashirika ya reli kuichoka. Shirika la reli la Uingereza liliendesha treni yake ya mwisho ya mvuke katika njia kuu tarehe 11 Agosti 1968. Afrika Mashariki ilianza kuviweka kando vichwa vyake vikubwa katika miaka ya 1970. China ilikuja kuacha mvuke wa njia kuu mwishoni mwa 2005 katika reli ya Jitong, huko Mongolia ya Ndani, na hadi siku za mwisho milima yake ilikuwa na wageni waliojipanga na kamera.

Kinachotoka kwenye dohani si kitu kimoja, na asiyejua tofauti atasubiri wingu lisilokuja. Moshi hutoka kwenye moto, mvuke hutoka kwenye maji. Ndani ya boila maji huchemshwa mpaka mvuke ukajibana kwa nguvu kubwa, kisha dereva huufungulia uingie kwenye silinda na kusukuma pistoni. Ukishamaliza kazi hautupwi hivi hivi. Hupitishwa kwenye bomba lililo chini ya dohani na kufyatuka juu, na katika kufyatuka huko huvuta hewa kupitia tanuru na kuupuliza moto. Injini hujipulizia yenyewe: mzigo ukiwa mzito, moto nao unakolea. Ule mlio wa kukohoa ambao watoto hupenda kuuiga ni mvuke huo ukitoka, mara nne kwa kila mzunguko wa gurudumu kwenye injini ya silinda mbili.

Mvuke ukikutana na hewa ya baridi hugeuka wingu jeupe zito. Hewa ikiwa na joto, hupotea karibu palepale. Treni ileile iliyopanda mlima saa moja asubuhi na mkia mweupe nyuma yake, saa nane mchana itapita na dohani inayoonekana tupu. Kwa sababu hiyo waliofuata injini za mwisho za China katika mlima wa Jingpeng walikwenda makusudi katika miezi ya baridi kali. Afrika Mashariki haina theluji ya kukanyaga njiani, lakini ina miinuko: njia ya reli inayopita Timboroa, magharibi mwa Kenya, iko zaidi ya mita 2,700 juu ya usawa wa bahari, na asubuhi ya huko haihitaji maelezo kwa aliyewahi kuamka nayo.

Moshi mweusi ni habari nyingine. Huo ni makaa au mafuta ambayo hayakuungua yote, yaani hasara inayopaa hewani. Mchochea moto hodari hutoa moshi hafifu wa kijivu, na mkubwa wa karakana akiona dohani inafuka weusi hujua kuna mtu hajali. Wapiga picha, kwa upande wao, huupenda. Hapo pana mvutano wa siku nyingi kati ya watu wa kamera na watu wa beleshi, kwa kuwa kinachopendeza pichani ndicho kibaya kazini. Eric Treacy, askofu wa Wakefield nchini Uingereza na mmoja wa wapiga picha mashuhuri wa treni, alilimaliza jambo hilo kwa urafiki. Alizoeana na madereva na wachochea moto, na wao wakimwona amesimama kando ya reli walikuwa tayari kumwongezea moshi kidogo. Alifariki mwaka 1978 akiwa katika stesheni ya Appleby, siku aliyokwenda kungoja treni ya mvuke.

Anayejua kazi inavyofanyika huweza kuotea tukio kabla halijatokea. Mfano mzuri ni treni inayoondoka stesheni. Injini ikiwa imesimama, mvuke uliobaki ndani ya silinda hupoa na kuwa maji, na maji hayabanwi. Pistoni ikiyagonga inaweza kupasua silinda. Hivyo dereva anapoanza safari hufungua vijibomba vilivyo chini ya silinda, na maji hutoka kwa kishindo pamoja na mvuke, yakitanda pande zote mbili za reli kama ukungu. Hali hiyo hudumu kwa mizunguko michache tu ya magurudumu, kisha vijibomba hufungwa. Mpiga picha aliyesimama karibu mno hupata weupe mtupu. Aliyesogea nyuma na pembeni hupata injini inayochomoza ndani ya wingu. Kwenye injini zinazotumia mafuta kuna dalili nyingine. Mchochea moto akichota mchanga kwa kikombe na kuumwaga kupitia kitundu cha mlango wa tanuru, basi sekunde chache baadaye dohani itatapika weusi wa kutisha, maana mchanga huo umevutwa ndani ya mirija ya boila na kuisugua masizi. Aliyeliona hilo likifanyika huwa ameshainua kamera.

Mwanga ndio unaosumbua zaidi. Injini nyingi ni nyeusi au za rangi nzito, na sehemu zake zenye uhai, yaani magurudumu na fito, ziko chini, kwenye kivuli cha boila. Jua la utosini huangaza mgongo wa injini na kuacha miguu gizani. Jua linalotakiwa ni lile la chini, linaloingia kwa ubavu. Katika nchi za kaskazini wakati wa baridi jua hukaa chini kutwa nzima, lakini karibu na ikweta hupanda takriban nyuzi 15 kila saa, kwa hiyo kazi ya maana hufanyika kati ya macheo na saa mbili asubuhi, kisha tena kuanzia saa kumi na moja jioni hivi. Katikati ya hapo ni afadhali kuingia karakanani. Kamera nayo hudanganywa na rangi. Ikipimwa kwa wingu jeupe la mvuke, injini huwa kipande cha giza. Ikipimwa kwa injini nyeusi, wingu hupoteza umbo lake lote. Wazoefu hupima kwa kitu cha katikati, kama majani au kokoto za tuta la reli, ambavyo viko kwenye mwanga uleule.

Kasi ya shata nayo ina hesabu yake. Treni inayokwenda kilomita 60 kwa saa husogea karibu mita 17 kila sekunde. Kwa shata ya sehemu 1/500 ya sekunde itakuwa imesogea sentimita tatu na ushei, na picha itakuwa kali. Kwa 1/30 itakuwa imesogea zaidi ya nusu mita, na picha itakuwa ukungu, isipokuwa mpiga picha aifuate treni kwa kamera, akizungusha kiwiliwili polepole kwa mwendo ule ule. Akipatia, injini hutulia na dunia iliyo nyuma yake ndiyo hukimbia. Picha iliyogandishwa kabisa mara nyingi huonekana kama treni iliyoegeshwa. Wenye macho ya kazi huongeza sharti moja dogo ambalo mtu wa kawaida hawezi kulitambua: hubonyeza wakati fito zinazounganisha magurudumu ziko chini kabisa ya mzunguko wake, ili magurudumu yaonekane wazi. Sekunde inapita na nafasi kadhaa za namna hiyo. Mtu hujifunza kuzihisi kwa sikio kuliko kwa jicho.

Hayo yote hupatikana kwa mazoezi. Kuwapiga picha wafanyakazi ndiko kugumu zaidi. Kibanda cha injini ni mahali padogo, penye joto, panapotikisika, na kila mtu ndani yake ana shughuli. Dereva hukaa upande mmoja, mkono kwenye kishikio kinachofungulia mvuke, macho nje, kwa sababu boila ndefu iliyo mbele yake humficha nusu ya njia. Mchochea moto yuko upande wa pili. Kwenye injini ya makaa yeye ndiye anayefungua mlango, anatupa beleshi, anafunga. Anafungua, anatupa, anafunga. Mlango haukai wazi, kwani hewa baridi ikiingia kwa wingi boila hupoteza nguvu. Kwa hiyo mwanga wa moto humwangukia usoni kwa muda mfupi tu, na katika muda huo jasho, masizi shavuni na mkunjo wa jicho vyote huonekana. Kisha giza. Moto wenyewe ni mweupe wa kuumiza macho, una joto linalozidi digrii 1,000, na ukuta wa kibanda ni mweusi tititi. Hakuna kamera inayoweza kushika vyote viwili. Shauri la kawaida ni kuuacha moto uungue upande wake, kupima mwanga kwa uso wa mtu, kufungua tundu la lenzi kwa upana na kungoja beleshi. Flashi haifai: huua mwanga wa moto, na ikimulika macho ya dereva ni hatari.

Kazi nyingine nyingi hufanyika treni ikiwa imesimama, na hizo ndizo wapiga picha wavivu huzikosa. Kabla ya safari dereva huzunguka injini na kopo la mafuta lenye mdomo mrefu, akiinama chini ya fito, akitia matone kila kiungo. Akifika kituo cha njiani hushuka tena na kugusa vyuma kwa mgongo wa mkono. Palipo na joto kupita kiasi pana shida. Mtu akipanda juu ya tangi la maji kuelekeza bomba, miguu yake huteleza kwenye bati lililolowa. Usiku karakanani wapo wanaofuta, wanaokwangua majivu, wanaokagua mirija kwa taa ya mkononi. Zamani kijana alianzia hapo, kwenye kitambaa cha kufutia, akapanda kuwa mchochea moto, na baada ya miaka mingi, kama alijaliwa, akashika kishikio cha dereva. Picha ya mzee akimwonyesha kijana namna ya kusikiliza chuma ina mengi kuliko picha kumi za treni ikipita darajani.

Jack Delano alilijua hilo. Mwaka 1942 na 1943, Marekani ikiwa vitani, serikali ilimtuma kupiga picha reli za nchi hiyo. Alishinda katika yadi za Chicago, kisha akasafiri na treni za mizigo hadi California. Aprili 1943 alifika Clinton, jimbo la Iowa, akawakuta wanawake waliochukua nafasi za wanaume walioitwa jeshini wakiosha injini kubwa kwa bomba la mvuke na maji ya moto. Aliwapiga picha za rangi, jambo la nadra wakati huo, wakiwa kazini na wakiwa wamekaa wanakula chakula cha mchana, vitambaa kichwani. Picha hizo ziko katika Maktaba ya Bunge la Marekani na mtu yeyote anaweza kuziona. Zinathaminiwa kwa rangi zake, lakini thamani kubwa imejificha kwenye maelezo: Delano aliandika majina ya watu, kazi zao, na mara nyingine habari za familia zao.

O. Winston Link alikwenda njia tofauti. Alikuwa mpiga picha wa matangazo, mkazi wa Brooklyn, na Januari 1955 alianza kuifuata reli ya Norfolk and Western huko Virginia, kampuni kubwa ya mwisho Marekani iliyokuwa bado inategemea mvuke. Alipiga usiku, kwa hoja kwamba jua hawezi kulisogeza lakini taa anaweza kuzipanga. Yeye na wasaidizi wake walitandaza nyaya kando ya reli na kuunganisha globu za flashi ambazo kila moja huwaka mara moja tu na kuungua. Treni inakuja, anabonyeza, imekwisha. Globu moja ikigoma, kazi ya siku nzima imepotea. Picha yake maarufu zaidi ilipigwa tarehe 2 Agosti 1956 huko Iaeger, West Virginia, kwenye uwanja wa sinema ambapo watu hutazama wakiwa ndani ya magari. Treni ya mizigo inapita nyuma ikifuka mvuke mweupe, vijana wawili wamekaa kwenye gari la wazi, na kwenye skrini ndege ya kivita inaruka. Mwanga wa flashi uliifuta picha ya skrini, kwa hiyo ndege hiyo iliwekwa baadaye wakati wa kusafisha picha. Wapo wanaoona huo ni udanganyifu. Lakini Link hakuwahi kujifanya mwandishi wa habari; alijenga picha kama fundi anavyojenga nyumba. Kampuni iliacha mvuke mwaka 1960, na leo picha zake zina jumba lao la makumbusho katika stesheni ya zamani ya Roanoke, Virginia.

Afrika Mashariki ilikuwa na fahari ya namna yake. Ujenzi wa Reli ya Uganda, iliyoanzia Mombasa mwaka 1896 na kufika ziwani Kisumu Desemba 1901, ulipigwa picha na William D. Young, na picha hizo bado huchapishwa kila habari ya reli hiyo inaposimuliwa. Lakini kilele cha mvuke kilikuja zaidi ya nusu karne baadaye. Kati ya 1955 na 1956 kiwanda cha Beyer Peacock cha Manchester kilileta vichwa 34 vya daraja la 59, kila kimoja kikiwa na uzito wa tani zipatazo 252. Havikuwahi kuwapo vichwa vikubwa kuliko hivyo kwenye reli ya upana wa mita moja popote duniani. Vilipakwa rangi ya damu ya mzee, vikachoma mafuta badala ya makaa, na vikapewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Kazi yao kuu ilikuwa kuvuta mizigo kutoka Mombasa, usawa wa bahari, hadi Nairobi, zaidi ya mita 1,600 juu.

Muundo wa vichwa hivyo ni wa aina iitwayo Garratt: boila iko katikati, imebebwa na seti mbili za magurudumu, moja mbele chini ya tangi la maji na nyingine nyuma chini ya tangi la mafuta. Mashine nzima ina urefu wa zaidi ya mita 30, na kwenye kona hujikunja na kuwa vipande vitatu. Hapo ndipo mpiga picha anayejua hujiweka, upande wa ndani wa kona, kwa kuwa kwenye njia iliyonyooka Garratt huonekana kama bomba refu tu. Safari zilikuwa ndefu kiasi kwamba timu mbili zilikwenda na injini moja: moja ikiendesha, nyingine ikilala kwenye behewa maalumu nyuma ya kichwa. Kwa miaka mingi ya ukoloni kishikio cha dereva kilikuwa mikononi mwa Wazungu na Wahindi, hasa Makalasinga, na Waafrika walibaki kwenye kufuta na kuchochea moto, mpaka milango ilipofunguka na wao wakawa madereva.

Vichwa viwili vya daraja hilo vimebaki, namba 5918 Mount Gelai na namba 5930 Mount Shengena, vyote katika Jumba la Makumbusho ya Reli la Nairobi lililofunguliwa mwaka 1971. Milima hiyo yote miwili iko Tanzania, Gelai karibu na Ziwa Natron na Shengena huko Upareni. Ni kumbukumbu ndogo ya siku ambazo shirika la reli lilikuwa moja kwa Afrika Mashariki yote. Kwa anayetaka kujifunza kupiga picha za mashine hizi, jumba hilo ni darasa la bei nafuu. Injini zimesimama nje na zimepangwa karibu karibu, hivyo picha ya kichwa kizima ni ngumu. Lakini mishikio iliyong'arishwa kwa viganja vya watu, ribiti, vibao vya shaba na kiti cha dereva kilichobonyea hupatikana bila kukimbizana na treni.

Siku hizi sehemu kubwa ya picha mpya za mvuke hupigwa kwenye safari za kukodi. Wapiga picha huchanga fedha, injini huwashwa kwa ajili yao, treni husimama penye mandhari, wote hushuka na kujipanga, treni hurudi nyuma na kuja tena kwa kishindo. Inaweza kurudia mara tatu au nne. Huko Uingereza huongezwa hata watu waliovaa nguo za miaka ya 1940. Matokeo hupendeza, na fedha hizo husaidia kutengeneza mashine, lakini picha 40 hutoka karibu sawa, na mchochea moto anayechochea kwa ajili ya kamera hana uso wa mtu anayeogopa kuchelewa.

Kuhusu usalama, mambo ni machache lakini hayana mjadala. Treni haikwepi, na yenye mzigo huhitaji umbali mrefu kusimama. Februari 2016, kichwa mashuhuri cha Flying Scotsman kilipofanya safari yake ya kurejea kutoka London kwenda York, watu walijazana hadi juu ya reli na safari ikacheleweshwa. Mvuke unaotoka kwa nguvu hauonekani pale unapochomokea. Weupe huanza mbele kidogo, na mkono uliopitishwa katikati huungua. Reli, stesheni na madaraja katika nchi nyingi za Afrika huhesabiwa kuwa sehemu nyeti, kwa hiyo kibali hutafutwa kabla, si baada ya kushikwa. Na mtu aliye kazini huombwa ruhusa kama mtu mwingine yeyote. Salamu, maswali mawili matatu juu ya kazi, kisha kamera.

Limebaki suala la maandishi. Chini ya picha nyingi za reli za Afrika Mashariki pameandikwa namba ya injini, jina la mlima na pengine mwaka; mtu aliyeinama dirishani hana jina. Waliowajua watu hao wapo bado, Makadara, Changamwe, Voi, Tabora, Morogoro, Kampala, na picha zenyewe ziko ukutani na kwenye makasha ya bati chini ya vitanda. Mwenye picha ya baba au babu aliyefanya kazi reli na aigeuze leo, aandike kwa penseli nyuma yake jina, kazi, kituo na mwaka, kisha aipige nakala kabla unyevu haujaila.